dictyExpress: grafu nzuri za jeni za ukungu telezi, ila usizisome kama grafu za vimeng'enya

Anayetaka kujua ukungu telezi wa Dictyostelium discoideum unaanza saa ngapi kutengeneza kimeng'enya fulani ana njia mbili. Ya kwanza ni kukesha maabara: saa 24, karatasi za chujio 13, na kila baada ya saa 2 kukusanya seli na kuzigandisha. Ya pili ni kufungua kivinjari, kuandika jina la jeni kwenye dictyExpress na kuona mstari wa saa zote 24 kabla chai haijapoa. Njia hii ya pili haina malipo, imetengenezwa vizuri, na kwa mwalimu au mwanafunzi asiye na maabara ya amiba ni neema. Tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano tumeizuia kwa sababu moja itakayochukua sehemu kubwa ya tathmini hii: kinachochorwa pale ni RNA mjumbe, nayo RNA ni hati ya kuagiza mzigo. Mzigo wenyewe ghalani ni habari nyingine, na katika mdudu huyu hati na mzigo hupishana mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani.

Huduma hii ni kazi ya pamoja ya watu wa Baylor College of Medicine kule Houston na Chuo Kikuu cha Ljubljana, Slovenia. Toleo la kwanza lilitoka 2009 likiwa na data za chipu za jeni. Baadaye ziliongezwa data za kusoma mfuatano wa RNA moja kwa moja, na humo kuna pia ndugu yake, Dictyostelium purpureum. Tusiichanganye na dictyBase ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, ambayo ni hifadhi ya jenomu, majina ya jeni na maktaba ya aina za amiba. Hizo mbili zinakwenda pamoja kama kinu na mchi: jina unalithibitisha dictyBase, mstari unauona dictyExpress.

Kwa asiyemjua kiumbe huyu, amiba wake huishi udongoni wakila bakteria, kila mmoja kivyake. Chakula kikiisha, kila seli huanza kutoa na kupokea mipigo ya cAMP (molekuli ndogo inayotumika kama ishara), takriban mmoja kila dakika 6, na seli hadi 100,000 hukusanyika mahali pamoja. Kwenye nyuzi 22 za selsiasi, saa zikihesabiwa tangu njaa ianze, kufikia saa ya 10 kuna kichuguu, karibu saa ya 16 kuna koa anayetambaa, na kufikia saa ya 24 bua limesimama likiwa limebeba kifurushi cha spora. Karibu nne kwa tano ya seli huwa spora, zilizobaki hufa zikiwa bua. Yote haya hufanyika bila tonge jingine la chakula. Kila kimeng'enya kipya kinatengenezwa kwa kuvunja protini za zamani, na ndiyo maana udhibiti wake umefanyiwa utafiti tangu miaka ya 1960: mdudu mwenye njaa hawezi kutengeneza kitu kabla ya wakati wake.

Namna ya kuitumia bila kupotea

Anza kwa kuchagua jaribio. Orodha inachanganya kidogo, kwa sababu majaribio mengine ni ya aina ya mwitu na mengine ni ya amiba walioharibiwa jeni. Kwa maswali ya vimeng'enya chukua AX4, aina ya amiba ya maabara, iliyokuzwa na kuachwa njaa kwenye chujio. AX4 ndiyo iliyosomwa jenomu yake 2005, kwa hiyo majina yanalingana. Jaribio lenye vipimo vya kila saa katika nusu siku ya kwanza lina thamani kuliko lile la kila saa 4. Mambo mengi ya mwanzo hutokea kati ya saa ya 4 na ya 8, na ukiwa na nukta mbili tu hapo huwezi kujua kama kilele kilikuwa saa ya 5 au ya 7.

Kisha andika jeni kadhaa kwa mpigo. Usianze na jeni yako peke yake, weka kwanza saa za ukutani, yaani jeni ambazo wakati wake wa kupanda unajulikana: carA na csaA kwa hatua ya kukusanyika, ecmA na cotB kwa kichuguu na koa, spiA kwa spora zinazokomaa. Hizo zikipanda kwa mpangilio wake, unajua jaribio limekwenda sawa na unaweza kuisoma jeni yako kwa kuilinganisha nazo: "inapanda pamoja na cotB" ni taarifa imara kuliko "inapanda saa ya 11". Saa za maabara hubadilika kwa nyuzi moja ya joto, lakini mpangilio haubadiliki.

Kasoro ndogo ya kuangalia ni kipimo cha wima. Jeni yenye nguvu kama cotB ikichorwa na jeni ya kimeng'enya cha kawaida, ile dhaifu hulala chini kama mstari ulionyooka na mtu akadhani haibadiliki. Chora mara mbili: kundi la saa peke yake, jeni yako peke yake. Na ukisoma namba pembeni, kumbuka kwamba zimegawanywa kwa urefu wa jeni na kwa jumla ya RNA yote iliyosomwa. Ni sehemu ya jumla, si idadi ya nakala ndani ya seli.

Chombo cha kutafuta jeni zenye mwenendo unaofanana ndicho tunachokipenda zaidi. Unampa jeni moja, anakuletea zinazopanda na kushuka pamoja nayo. Kwa mtu anayetafuta vimeng'enya vinavyofanya kazi mfululizo, kwa mfano vile vinavyovunja glaikojeni hadi glukosi, kisha kuijenga kuwa selulosi ya bua na trehalosi ya spora, hicho ni kitu cha kuchezea mchana kutwa. Mti wa makundi na uchambuzi wa kazi za jeni navyo vipo. Vinafanya kazi yake, hatuna la kuongeza. Kwenye simu skrini hubanana mno, tumia kompyuta.

Mahali mstari unapokudanganya

Tuchukue fosfodiesterasi, kimeng'enya kinachotolewa nje ya seli kuvunja cAMP. Bila hicho mipigo ingeingiliana kama redio mbili kwenye wimbi moja. Jeni yake ni pdsA, na ukiiandika unapata mstari mmoja. Ukweli ni kwamba jeni hii ina promota (swichi za kuwashia jeni) tatu: moja ya wakati wa kula, moja ya kukusanyika, na moja ya mwisho inayofanya kazi kwenye seli zinazoelekea kuwa bua. Kila moja hutoa RNA ya urefu wake, lakini sehemu inayotafsiriwa kuwa protini ni ileile. Programu inazijumlisha. Kupanda unakokuona saa za mwanzo na kule kwa baadaye ni maamuzi ya swichi tofauti yaliyoandikwa kwa wino mmoja.

Na hapo bado hatujafika kwenye kimeng'enya chenyewe. Seli zilezile hutoa nje protini nyingine, kizuizi kinachozalishwa na jeni pdiA, ambacho hukishika kimeng'enya na kukipunguzia sana uwezo wa kuikamata cAMP ikiwa kidogo. cAMP ikiwa nyingi nje ya seli, pdsA huamshwa na pdiA hunyamazishwa. Ikipungua, mambo hugeuka. Kwa hiyo chora zote mbili pamoja kila mara. Anayepima fosfodiesterasi kwenye maji ya kukuzia seli na kukuta haifanyi kazi hana haki ya kusema haikutengenezwa. Huenda imejaa tele, imefungwa mdomo tu.

Mfano wa pili ni pkaC, jeni ya kinasi A (kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine), ambayo bila yake hakuna maendeleo kabisa. Amiba anayekula tayari ana RNA yake, lakini protini ya PufA huishika RNA hiyo na kuzuia isitafsiriwe. Njaa inapobisha hodi, kinasi nyingine iitwayo YakA hupunguza PufA, na pkaC inaanza kutafsiriwa. Mtu akitazama mstari wa pkaC peke yake ataona kupanda kwa kiasi na kusema udhibiti ni wa kunakili jeni, yaani kuandika RNA kutoka kwenye jeni. Weka pufA kando yake kwenye grafu hiyohiyo na utaanza kuona kwa nini hesabu haitoshi, ingawa hata hivyo programu haiwezi kukuonyesha nani kamshika nani.

Kimeng'enya kuwepo na kufanya kazi navyo ni vitu viwili. Glaikojeni fosforilasi ni vimeng'enya viwili vya jeni mbili, glpV na glpD. Cha glpV kinahitaji AMP ili kifanye kazi, cha glpD, ambacho ndicho cha wakati wa maendeleo, hakiihitaji. Ukipima dondoo la seli bila kuongeza AMP unakiona kimoja, ukiongeza unaviona vyote. Hapa dictyExpress inasaidia kweli, maana mistari miwili inakuambia mapema kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Majina ya zamani ya jeni hizi bado yamejaa kwenye makala za maabara, hivyo pitia dictyBase kwanza.

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote, hata hivyo, ni la bomba na pipa. RNA ni kiasi ambacho bomba limefunguliwa, shughuli ya kimeng'enya ni kina cha maji kwenye pipa. Kama kimeng'enya hakiozi haraka, bomba likifunguka saa ya 8, likifikia upeo saa ya 11 na kufungwa saa ya 14, pipa saa ya 11 lina nusu tu, na linajaa saa ya 14 wakati mstari wa RNA umeshalala. Mwanafunzi analinganisha grafu mbili, anaona vilele vimeachana kwa saa 3, anaandika kwamba kuna "udhibiti baada ya kunakili". Huenda upo, lakini kuachana huko peke yake hakuthibitishi chochote. Kwanza jumlisha eneo chini ya mstari wa RNA saa kwa saa, ulinganishe jumla hiyo na shughuli ya kimeng'enya. Zikikubaliana, hakuna siri. Zikikataa, ndipo utafute.

Suala hili ni la zamani. Maabara ya Maurice Sussman, Chuo Kikuu cha Brandeis, ilifuatilia UDP-glukosi pairofosforilasi, kimeng'enya kinachotengeneza UDP-glukosi ya kujengea selulosi na trehalosi. Waliongeza aktinomaisini D kuzuia unakili wa jeni kwa saa mbalimbali, wakaona kimeng'enya kikiendelea kuongezeka kwa muda baada ya unakili kufungwa, na kwa njia hiyo wakaukisia muda wa kunakili na muda wa kutafsiri kuwa vipindi viwili vinavyofuatana. Baadaye kingamwili zilithibitisha kwamba ongezeko hilo ni la protini mpya, halitokani na kimeng'enya cha zamani kuamshwa. Dawa ile ina madhara mengine kwenye seli, na leo hakuna haja ya kuitegemea peke yake, lakini hoja yao ya vipindi viwili ndiyo hasa inayokosekana kwenye skrini. Waliona pia transferasi moja ya polisakaridi inayotegemea UDP-galaktosi ikipanda, kisha ikitolewa nje ya seli mwishoni. Shughuli ikishuka ndani ya seli, pipa huenda halijavuja, limemwagwa kwa makusudi.

Kuna jambo la mwisho kuhusu RNA. Ukikichukua kichuguu ukakitawanya seli moja moja kwenye bafa (maji ya chumvi yanayoshikilia pH) na kuzitikisa, RNA nyingi za hatua hiyo huoza haraka, na ukiongeza cAMP zinadumu. Maana yake, mstari unaopanda unaweza kupanda kwa sababu jeni inanakiliwa zaidi, au kwa sababu nakala zinadumu zaidi. Grafu ya kiasi cha RNA haitenganishi hayo mawili. Kwa kujaribu mezani, seli zilizo kwenye bafa hupewa mipigo ya 30 nM ya cAMP kila dakika 6 kwa saa 4 au 5 ili ziingie hatua ya kukusanyika, kisha cAMP ya kudumu ya 300 μM ili jeni za baada ya kichuguu ziamke. Ukianza na dozi kubwa ya kudumu mapema, jeni za kukusanyika hazipandi inavyotakiwa. Vipokezi vinataka mdundo, havitaki kelele.

Kuihakiki mezani

Yeyote atakayetumia dictyExpress kuchagua kimeng'enya cha kupima aandae jaribio linalofanana na lile lililochorwa, la sivyo atakuwa analinganisha embe na papai. Kuza AX4 kwenye mchuzi wa chakula wa HL5 kwa nyuzi 22, chupa ikizungushwa mizunguko 180 kwa dakika, na uvune seli zikiwa milioni 2 hadi 4 kwa mililita. Zikipita hapo zinaanza kuhisi msongamano na kuwasha jeni za njaa kabla hujaziacha njaa, na saa yako ya 0 inakuwa ya 2 bila wewe kujua. Zungusha kwenye mashine kwa nguvu mara 500 ya uvutano (500 g) dakika 5, osha mara mbili kwa bafa ya KK2 ya baridi (16.5 mM KH2PO4 na 3.8 mM K2HPO4, pH karibu 6.2). Mwaga seli milioni 50 kwenye chujio cha milimita 47 kilicholazwa juu ya pedi iliyoloa bafa hiyohiyo. Pedi iloe bila kuogelea: maji yakisimama juu ya chujio, seli hukusanyika kwa mafungu yasiyolingana na hatua zinachanganyika.

Funga bakuli kwa unyevu lakini usilibane kabisa. Amonia inayotoka kwenye protini zinazovunjwa ikijaa ndani huchelewesha kusimama kwa bua, na koa hutambaa tu kwa saa nyingi. Dalili ni hii: saa ya 20 una koa wazuri, wembamba, hakuna bua hata moja. Fungua mfuniko kidogo au badilisha pedi. Kama umekuza kwa bakteria badala ya HL5, osha hadi maji ya juu yawe angavu, kwani bakteria waliobaki ni chakula na kila kilichobaki kinachelewesha mwanzo.

Kwa vimeng'enya vya lisosomu (vifuko vya mmeng'enyo ndani ya seli), poda za paranitrofenili, ambazo kimeng'enya kikizikata hutoa paranitrofenoli, ni rahisi na za kuaminika: ile ya alfa-manosidi kwa manA, ya N-asetiliglukosamini kwa nagA, ya beta-glukosidi kwa gluA. Pasua seli kwa sabuni ya Triton X-100 ya asilimia 0.2. Kwenye kishimo kimoja weka 10 μl za dondoo na 90 μl za poda ya 5 mM ndani ya bafa ya asetati 50 mM, pH 5. Subiri dakika 20 kwa nyuzi 35, kisha ongeza 100 μl za kaboneti ya sodiamu 1 M na usome kwenye nanomita 405. Kaboneti inafanya kazi mbili: inasimamisha kimeng'enya na inaigeuza paranitrofenoli kuwa ya njano. Kwenye pH 5 karibu yote haina rangi. Wanaosoma bila kaboneti hupata sifuri na kulaumu dondoo.

Hesabu ni hivi. Kwa njia ya mwanga ya sentimita 1, kigezo cha kunyonya mwanga ni 18,000 kwa mola kwa sentimita. Usomaji wa 0.36 ni 20 μM. Ndani ya 200 μl hizo ni nanomoli 4. Kwa dakika 20 ni nanomoli 0.2 kwa dakika. Ukiwa umeweka mikrogramu 10 za protini, ni nanomoli 20 kwa dakika kwa miligramu. Lakini 200 μl kwenye sahani ya vishimo 96 hazifiki kina cha sentimita 1. Ukitumia kigezo hicho bila kurekebisha, utapata karibu nusu ya thamani halisi. Tengeneza mstari wa kulinganishia kwa paranitrofenoli halisi kwenye sahani hiyohiyo na uachane na kigezo. Pima pia protini kwa njia ya BCA, kwa sababu Triton ya kiasi hicho huivuruga njia ya Bradford.

Sasa mambo mawili yanayoharibu ulinganisho na grafu hata kwa mtu makini. La kwanza ni kigawanyo. Seli zinakula protini zake zenyewe kwa saa 24, na kufikia mwisho protini kwa kila seli inaweza kuwa imepungua karibu nusu. Kimeng'enya ambacho hakikuongezeka wala kupungua kitaonekana kimepanda mara mbili kwa miligramu. Toa matokeo kwa idadi ya seli ulizomwaga mwanzoni, yaani kwa chujio, na uweke ya miligramu pembeni. La pili ni maji ya nje. Amiba mwenye njaa hutoa nje sehemu kubwa ya vimeng'enya vya lisosomu, na kwenye chujio vinazama kwenye pedi. Kamua pedi kwenye kiasi maalumu cha bafa na uipime pia. Alfa-manosidasi na N-asetiliglukosaminidasi hupanda mapema, tangu njaa inapoanza, na anayetupa pedi anaona zikikwama katikati ya njia, kisha anaandika kuhusu "kushuka kwa uzalishaji" ambako ni kumwagika tu.

Beta-glukosidasi ni mfano mzuri wa kufundishia kwa sababu haipandi moja kwa moja. Iko juu kwa seli zinazokula, inashuka wakati wa kukusanyika, inapanda tena koa anapoelekea kusimama bua. Kwenye jeli inayotenganisha protini kwa umeme, kimeng'enya cha mwanzo na cha mwisho hutembea mwendo tofauti, na bado mabadiliko kwenye gluA huondoa vyote viwili. Tofauti hiyo inatoka kwenye mapambo ya protini baada ya kutafsiriwa. Darasa likipewa mstari wa gluA kutoka dictyExpress upande mmoja na picha ya jeli upande wa pili, mjadala wa saa nzima umepatikana bila kununua kitu.

Tulichokosa, na nani aitumie

Grafu ni wastani wa seli zote. Kimeng'enya kilicho kwa kiwango kimoja katika seli zote, kikiongezeka mara kumi ndani ya seli za bua pekee, ambazo ni moja kwa tano, kwenye wastani kitaonekana kama ongezeko la mara tatu hivi. Programu ingefaidi alama ndogo inayosema jeni fulani inajulikana kuwa ya bua au ya spora, kwani taarifa hizo dictyBase inazo. Tungependa pia promota nyingi za jeni moja zitenganishwe pale inapowezekana, walau kwa pdsA.

Ulinganisho na D. purpureum umewekwa vizuri, lakini usipange mistari yake saa kwa saa: mabadiliko yake mengi huja nyuma kwa saa chache. Panga kwa umbo, kichuguu kwa kichuguu, koa kwa koa.

Mwalimu wa chuo anayefundisha udhibiti wa jeni aichukue leo, ina mifano iliyo hai kuliko ule wa jeni za laktosi za bakteria unaorudiwa kila mwaka. Mwanafunzi wa uzamili anayechagua saa za kuvuna sampuli aichukue pia, itamwokolea chujio nyingi: anapoona jeni yake imelala hadi saa ya 10, anavuna kila saa kuanzia ya 9 hadi ya 16 na kuacha mapengo kwingine. Anayetaka kuandika kwamba kimeng'enya fulani "kinazalishwa" saa fulani kwa ushahidi wa grafu hii peke yake, asiichukue bado. Aagize kwanza poda ya njano.